Vichezeo vimetapakaa nyumba nzima: usipange kwanza, tafuta kinachovirudisha

Jamani tuzungumze hili la vichezeo mana naona kila nyumba yenye watoto kilio ni hichi hichi. Asubuhi umefagia ukumbi umekung'uta busati, unarudi sokoni ushakanyaga gari la plastiki mlangoni, mwanasesere hana nguo yuko juu ya kabati la tivii, vitofali vya kujengea vimo mpaka ndani ya kiatu cha baba yao, na usiku ukitaka kulala unainama tena unaokota vile vile ulivyoviokota jana na juzi. Piga hesabu, kama kuokota kwako ni nusu saa kwa siku basi kwa mwaka ni masaa 180 na ushee, yaani wiki nzima na zaidi, usiku na mchana, umeinama tu. Mtu angetaka kukuajiri kwa kazi hiyo ungemtajia bei ya kumkimbiza.

Sasa wengi tukichoka tunakimbilia kununua. Unashuka sokoni Darajani hapa Unguja unanunua ndoo tano za rangi rangi na kabati la plastiki lile la droo, unapanga, unapiga picha unaweka steta, haifiki wiki droo zimetolewa zimekuwa magari na watoto wamo ndani wanasukumana. Vyombo havina kosa. Ila hii fujo inajirudia, na inayojirudia lazima ipo sababu inayoirudisha, usipoijua hiyo utanunua ndoo mpaka nyumba iwe duka la ndoo. Kwa hivo nnayoyaeleza hapa sio ya kupanga vizuri, ni ya kujua kwanini kitu kile kile kiko pahala pale pale kila siku, halafu unakikatia hapo hapo kinapoanzia.

Anza na karatasi

Bandika karatasi jikoni, funga na kalamu kwa uzi mana bila ya hivo kalamu nayo itaingia kwenye hesabu ya vilivyopotea. Kwa siku chache kila ukiokota kitu andika: nini, wapi, saa ngapi. Basi. Usigombe, usipange, usinunue chochote kwanza. Najua ni tabu kuiona fujo ukainyamazia lakini vumilia.

Utakachokiona ni kwamba sio vichezeo vyote vinavyokusumbua. Ni vitu vinne vitano vinavyojitokeza kila siku, vyengine vyote vimelala uvunguni havijaguswa toka sikukuu iliyopita. Na vina saa zake pia, aghalabu ni ule muda wa kurudi skuli kabla hawajaenda chuoni kusoma Qur'ani, na baada ya isha pale wewe ushakaa na simu yako.

Halafu kila kimoja kiulize maswali mawili, kimefikaje hapa na kimekosa nini hata hakikurudi. Tuchukue lile gari la mlangoni. Mtoto alikuwa nalo nje anachezea mchanga, ikaitwa saa ya chuo, kaja mbio, mlangoni anavua viatu, na weye mwenyewe ushamwambia asiingize mchanga ndani ukamwambia tena na tena. Sasa gari lina mchanga mpaka ndani ya matairi, ndani haruhusiwi kuliingiza, nje akiliacha litachukuliwa, basi kaliweka pale pale anapovulia viatu. Mtoto hapo hana uvivu wowote, katii amri yako! Kilichokosekana ni pahala pa kuweka vitu vya mchanga. Ungempigia kelele mwaka mzima gari lingebaki mlangoni.

Dawa yake ni msumari mmoja na gunia la neti, yale mekundu yanayokuja na vitunguu, muuza vitunguu sokoni atakupa kwa bei ya chini au bure kama mnajuana. Lipige msumari uani au pembeni ya baraza, usawa wa kifua cha mtoto sio usawa wako, na vitu vyote vya nje vinakaa humo: magari ya mchanga, vikopo, vifuu vya kupikapika, mipira. Mchanga unadondoka wenyewe kwenye matundu, ukitaka kuosha unamwagia maji gunia zima linaning'inia pale pale linakauka, na mifuko ya plastiki yenyewe tushakatazwa kwa hivo wala usiitafute. Kwa vijana wa Pemba walio karibu na pwani wanaorudi na makombe na vipande vya nyavu na sijui nini, hii ya neti ndio khasa, harufu inabaki nje.

Nimelikalia sana hili gari kwa sababu ndio mtindo wenyewe. Kila kitu kwenye ile karatasi yako kina hadithi ya namna hii, na mara nyingi ukiifuata utakuta mtoto hana kosa, nyumba ndio haikumpa njia.

Vitu vidogo vidogo

Hapa ndipo muda mwingi unapotea. Vitofali vya kuunganisha, iwe Lego zenyewe au zile za kuiga za mtumba wa Dubai, zile picha za kukatwa vipande, shanga, gololi, viatu vya mwanasesere ambavyo havizidi punje ya haragwe. Kimoja kimoja unaokota, chengine kiko chini ya kochi, chengine kishaingia kwenye tundu la busati.

Chukua kanga kuukuu, ya doti iliyochoka, usichukue mpya mwenye doti lake akaja kukuuliza. Kanga ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu, inatosha watoto wawili watatu kukaa pembeni yake. Shona kitanzi kila pembe, na katikati ya kila upande ongeza chengine, pitisha kamba ya kutosha kuzunguka yote. Sheria ni moja, kucheza ni ndani ya kanga na kitofali kisivuke pindo, mtoto yoyote wa Kizanzibari pindo la kanga analiona hata ana miaka mitatu huna haja ya kumchorea mstari. Wakimaliza wanavuta kamba, kanga inajikunja na kila kitu ndani, inaning'inizwa nyuma ya mlango. Hakuna kuokota kabisa. Vitofali havijapangwa kwa rangi wala kwa ukubwa, vimo hobela hobela, na sawa tu, mana akitaka kuvichezea atavimwaga tena, sasa kupanga kwa rangi ni kwa faida ya nani?

Kwa wale wanaosema kwetu hata mkiweka kanga vinavuka, basi ujue vimekuwa vingi, kanga haitoshi. Punguza vitofali usiongeze kanga.

Na hapa niseme la hatari kabla hatujaenda mbele. Kama una mtoto wa chini ya miaka 3 ndani, vitu hivi vidogo visikae chini kabisa na wala havitoki mpaka yeye kalala. Kipimo chepesi ni kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikimalizika, kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto. Betri zile bapa za duara ndio mbaya zaidi, zimo kwenye vitu vya sikukuu vinavyoimba na kuwaka taa, ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya masaa 2. Ukihisi kameza usisubiri kukuche, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kichezeo ambacho kifuniko cha betri hakina skrubu mie sikiingizi ndani hata kikiletwa na nani.

Vingi vinachezewa kidogo

Kuna utafiti ulifanywa Chuo Kikuu cha Toledo kule Marekani ukatoka 2018, waliwachukua watoto 36 wa umri wa ndo kwanza wanatembea tembea, mara wakawaacha wacheze penye vichezeo 4, mara penye vichezeo 16. Penye vinne watoto walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa njia nyingi zaidi. Penye kumi na sita wanagusa hichi wanatupa, wanagusa kile wanatupa. Ukiutazama ukumbi wako jioni utaona ni ile ya kumi na sita, au ya sitini.

Na hatuna haja ya kwenda Marekani. Waliosomesha watoto wao kwenye nasari za mpango wa Madrasa, ule wa Aga Khan Foundation ulioanza Mombasa miaka ya 80 ukafika Zanzibar 1990, wanazijua zile kona. Kona ya nyumba, kona ya vitofali, kona ya vitabu, na vitu vyenyewe vingi ni vya hapa hapa, vifuu, vizibo, magunzi, vipande vya mbao, mikeka. Kila kitu kina pahala pake chini ambapo mtoto anafika. Mtoto wa miaka minne yule yule anaerudisha kitu mwenyewe nasari akifika kwenu anatupa katikati ya ukumbi. Kwani kabadilika njiani ndani ya daladala? Kule anajua pa kurudishia, kwenu hapajui mana hapapo.

Kwa hivo gawa. Vichezeo vyote vya ndani vifanye mafungu matatu, kila fungu liwe na mchanganyiko, kitu cha kujenga, kitu cha kuigiza nyumba, kitu cha matairi, kitu cha kuchora. Fungu moja liko nje linachezewa, mawili yamo kwenye polo juu ya kabati au chumbani kwako, na yafungwe wasiyaone. Siku ya kubadilisha iwe Ijumaa, mana wengi chuo kimefungwa na watoto wako nyumbani. Fungu linaloshuka watalipokea kwa shangwe wakati ni lile lile la zamani, utacheka mwenyewe. Yule mwanasesere wake anaelala nae haingii kwenye mzunguko, huyo mwache, usijitafutie kilio cha usiku bure.

Faida ya hili kwa muda wako iko wazi, hata wakivimwaga vyote wamemwaga theluthi.

Pa kuwekea

Hapa sina maneno mengi. Chombo kiwe wazi, hakina mfuniko, mana mfuniko ni kazi ya ziada na mtoto hafanyi kazi ya ziada, na mtu mzima pia hafanyi. Kiwe chini. Kiwe kikubwa cha kutupia tu kitu kikaingia. Kapu la ukili zuri sana kwa mwanasesere na nguo zake na vitu vya kitambaa kwa sababu linapitisha hewa, pakacha ni rahisi lakini linapukutisha makuti utapata kazi nyengine ya kufagia. Dumu la mafuta la lita 20 likatwe ubavu linatosha magari yote, ila ukingo wake unakata, chukua mpira wa maji mbovu uupasue kwa urefu uuvalishe pale ukingoni. Kasha la mbao la nyanya, yale yanayovuka na nyanya kutoka bara, lipige msasa vizuri na uvute misumari iliyochomoza, likilazwa ubavu ni shelfu ya vitabu.

Asiejua kusoma mchoree. Gari kwenye dumu, mwanasesere kwenye kapu. Mchoro mbaya unatosha, na akichora yeye mwenyewe ndio zaidi.

Halafu chombo ndio mpaka. Magari yanakaa kwenye dumu, dumu likijaa gari jipya likiingia moja lazima litoke, na anaechagua la kutoka ni mtoto mwenyewe. Hii ukiisema toka mwanzo hugombani nae, dumu ndio linalokataa sio wewe.

Kuhusu ukumbi, najua nyumba zetu, hasa hizi za flati za Michenzani na vyumba viwili na ukumbi vya Kikwajuni na Jang'ombe, hakuna chumba cha watoto cha kuchezea. Ukumbi ndio wa kulia, wa kusalia, wa wageni na wa kuchezea. Basi usijaribu kuwatoa ukumbini, watarudi, wanataka kuwa ulipo wewe. Wape pembe moja, mkeka wao, kapu na dumu lao, na sehemu ya kusalia ibaki haiguswi. Mkeka una mpaka wake kama kanga ilivyo. Mgeni akipiga hodi unavuta mkeka mzima ubavuni mwa kochi, ushapata ukumbi.

Vinavyoingia

Hili ndilo kubwa na ndilo hatulisemi kwa sababu linagusa watu.

Sikukuu zetu ni siku nne. Siku nne za mkono wa Idi, siku nne za viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo hapa Unguja, kwa Chake Chake kule Pemba ni Tibirinzi, na kila siku mtoto anarudi na miwani ya plastiki, saa ya bandia, bunduki ya maji, firimbi, puto, mwanasesere wa kufunguka kichwa. Zidisha kwa watoto watatu. Vingi havifiki siku ya sita vizima. Sisemi muwanyime, sikukuu ni ya watoto na ile furaha ya kushika pesa yako ukachagua mwenyewe haina mfano. Ninachosema, kabla hamjatoka nyumbani zungumza nae: pesa hii nyengine ni ya kupanda bembea, nyengine ya aiskrimu na chipsi, nyengine ya kitu kimoja cha kuja nacho nyumbani. Kimoja. Akijua ni kimoja atazunguka uwanja mzima anatafuta kizuri, hachukui cha kwanza, na bembea na aiskrimu hazina cha kuokotwa ukumbini. Baada ya sikukuu siku ya tano au ya sita kaeni pamoja mvipitie, kilichokufa kinatoka siku hiyo hiyo.

Halafu wapo jamaa. Ami yupo Muscat, shangazi yupo Dubai, khaloo yupo London, anakuja na boksi. Mapenzi yao tunayajua na hatuyakatai, lakini boksi likishafungwa huwezi tena kusema kitu itakuwa ukosefu wa adabu, kwa hivo sema kabla. Piga simu mapema, "Ami shikamoo, watoto wanakusalimu sana wanakungojea. Nilikuwa naomba, kama ulikuwa na nia ya kuwaletea kitu, viatu vya skuli vyao vishakwisha, na rangi za kuchorea hapa nzuri ni shida kupata." Basi, umemuongoza bila ya kumwambia usilete. Atafurahi mana na yeye alikuwa dukani hajui achukue nini. Watu wengi wananunua kichezeo kwa sababu hawajui saizi ya kiatu, mtumie saizi.

Na mtumba. Mifuko ile ya vichezeo mchanganyiko inayouzwa kwa fungu, ndani mna kimoja unachokitaka na ishirini usivyovitaka, nusu yake havina mwenziwe. Urahisi wake mie siuoni. Nunua kile kimoja hata kwa bei ya juu kidogo.

Kwa bibi yao ni kesi nyengine. Watoto wanabeba vitu wanapeleka kwa bibi, wanavisahau, wanarudi na vya bibi, na kila Jumapili usiku simu zinapigwa kutafuta kichwa cha mwanasesere. Mpelekee mavyaa, huyo mama mkwe wako, kapu moja likae kwake moja kwa moja, vitu vyake havitoki na vya kwenu haviendi. Na kama mavyaa ni wa kutotupa kitu, kila kilichovunjika "kitakuja kufaa", usishindane nae. Mwambie mama hichi nimekupangia kwenye kapu lako. Kapu limejaa? Haya, atachagua mwenyewe.

Vinavyotoka

Vilivyovunjika vinakaa kwenye nyumba kwa sababu moja, tumesema tutavitengeneza. Weka mfuko mmoja wa vya kutengenezwa na upe muda, tuseme mpaka mwisho wa mwezi, gundi na waya vikae humo humo ndani ya mfuko usije ukatafuta. Mwezi ukiisha haikutengenezwa basi haikuwa muhimu. Gari lisilo na tairi linaweza kupata vizibo vya chupa na kijiti, na vijana wakubwa wanapenda kazi hiyo kuliko hata kulichezea, waachieni.

Vizima ambavyo vishawapita umri vipeni. Jirani mwenye mtoto mdogo, nasari ya mtaani, wodi ya watoto kama wanakubali, uliza kwanza. Lakini muombe mtoto ruhusa jamani. Kitu kapewa yeye ni chake, ukikichukua usiku akalala akiamka hakipo, kesho ataanza kuficha na wewe utaanza kukuta vitu kwenye foronya. Ukimuuliza, wengi wanatoa, na wanataka wapeleke wenyewe mkononi. Kibovu kisitolewe sadaka, hicho ni cha jaa. Na tafadhali tusichome plastiki uani, moshi ule unaingia kwenye vifua vya hao hao watoto.

Kabla ya magharibi

Sasa ndio tunafika kwenye kukusanya kwenyewe, na ukishafanya ya juu hakubaki kazi kubwa. Wakati mzuri ni kabla ya adhana ya magharibi. Sisi tuko karibu na ikweta, magharibi yetu haihami sana, mwaka mzima inachezea saa 12 na kitu, kwa hivo mtoto anaijua bila ya saa. Mwanga unaanza kugeuka, anaitwa ndani aoge, basi kabla ya kuoga vitu vinarudi. Usingoje baada ya isha, mtoto wa usingizi hakusanyi anagombana.

Usiseme "kusanyeni vitu". Neno hilo halina mwanzo wala mwisho kwa mtoto, anasimama tu katikati. Sema "magari kwenye dumu", wakimaliza sema "haya mwanasesere na nguo zake". Wape kila mmoja chombo chake, wewe wa magari wewe wa kapu, mana ukisema wote wakusanye vyote kila mmoja atakwambia hichi sio changu ni cha Fatma. Mdogo kabisa mpe kazi ya kukuletea, hata akileta kimoja. Na weye ukae nao pale siku za mwanzo, usiamrishe kutoka jikoni, amri ya jikoni inaishia jikoni.

Anaesema "sio mimi nlieitoa" mjibu hatuulizi nani kaitoa, tunauliza chombo chake kiko wapi. Kesi za nani katoa zikifunguliwa hapo mtasikia adhana bado mnazisikiliza.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote inageuka, watoto wako macho mpaka usiku mkubwa na alasiri nyote mko jikoni na futari. Usilazimishe. Punguza vitu viwe fungu dogo kabisa, kanga na kapu tu, na kukusanya kuwe mara moja kabla ya kulala.

Masika na wageni

Masika ya Machi mpaka Mei watoto wamefungiwa ndani na mvua, na lile gunia la uani halifikiki, hapo ndipo watu wanaposhindwa. Kabla ya mvua kuanza ondosha madubu na vitu vyote vya manyoya visivyochezewa, ufue, uanike jua kali mpaka ndani pakauke, na usivifungie kwenye ndoo ya mfuniko vikiwa na unyevu vitaota ukungu. Vile vya mpira vya kuogea vyenye tundu chini vikamue kila siku, ukiona maji meusi yanatoka tupa. Vitu vya betri ambavyo vitakaa muda toa betri, na hewa yetu hii ya chumvi zinavuja haraka na kichezeo ndio kimekufa. Acha ndani vitu vya kukaa, vitofali vya kanga, rangi na karatasi, mdako, bao kama wakubwa wanaliweza. Mpira na baiskeli wakati wa masika mie nafunga stoo kabisa, ufunguo ninao mimi.

Wageni wenye watoto ni jambo la mwisho. Shoga akikwambia anakuja na wanawe wanne, kabla hajafika muulize mwanao kipi hataki kuguswa, kiingie chumbani kwako mlango ufungwe, itakuondolea ugomvi nusu. Toa fungu moja tu, lile lenye vitu vikubwa vikubwa, kanga ya vitofali ibaki nyuma ya mlango wake. Halafu shoga akianza ile "haya bwana sisi tunaondoka", na wote tunajua baada ya hapo kuna nusu saa nyengine ya mlangoni, ndio wakati wa kuwaita watoto wote, wenu na wao, magari kwenye dumu. Watoto wa watu wanakusanya vizuri kuliko wenu, na wenu kwa kuwaona wale watakimbilia kapu.